Sakafu ya Gereji ya Baba

Mkaguzi alichuchumaa, akatoa leso nyeupe mfukoni na kuipitisha kwenye sakafu ya gereji yetu mara moja tu, polepole, kama anamfuta mtoto uso. Kisha akatuonyesha. Leso ilikuwa ya kijivu.

"Mzee, ufundi wako sina shaka nao," alimwambia baba. "Nimeulizia Mwanza, nimeulizia Kahama, kote wanakutaja wewe. Ila pampu zetu hazifunguliwi kwenye vumbi. Sakafu hii inakunywa dizeli na inatema unga. Irekebishe. Nitarudi baada ya wiki tatu."

Baba alimsindikiza hadi kwenye gari, akaagana naye kwa mikono miwili, kisha akarudi na kusimama katikati ya gereji akiitazama sakafu kana kwamba imemsengenya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Shinyanga mjini. Baba alikuwa amefanya kazi karakana ya kiwanda cha pamba tangu ujana wake, mpaka walipompunguza pamoja na wenzake. Alichoondoka nacho ni ufundi wa pampu za dizeli na mashine moja ya kuzipimia, iliyochakaa, ambayo aliinunua kiwanda kilipouza vitu vyake. Aliifunga kwenye gereji ya nyumbani, mahali lilipokuwa likilala Peugeot letu kabla halijafa. Wateja wake walikuwa wenye mashine za kusaga na matrekta machache, na kila msimu walipungua. Yule mkaguzi alitoka kampuni ya malori yaliyobeba mitambo kwenda Bugarama, ambako mgodi mkubwa ulikuwa unaandaliwa. Malori yao yalikuwa mengi, na kila lori lina pampu.

Jioni ya siku ile ya leso baba alituambia mezani, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba kuna mtu wa Kahama anaitaka ile mashine ya kupimia. Kazi ya malori isipopatikana, ataiuza, atarudi kijijini kulima pamba. Alisema hivyo akijua kwamba mgongo wake haukuweza kuinamia jembe hata nusu siku. Mama alimwongezea mchuzi. Mimi nilijibu, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa najua kunyamaza.

"Kwa nini lazima sakafu? Si uweke meza safi tu?"

"Muulize mwenye leso," baba alisema. Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye digrii ya kemia. Chagua kitu cha kupaka pale chini kisichotoa vumbi na kisicholiwa na dizeli. Ukikosea wewe, tumekosea wote."

Digrii yenyewe ilikuwa kwenye bahasha, juu ya kabati la vyombo. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu mwaka mzima uliopita nikisubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Nilichokuwa nimefanya mwaka ule ni kubishana: na redio, na mhubiri, na mama kuhusu muda wa kuchemsha maharage. Sasa nilikuwa nimepewa jambo ambalo lingeweza kunishinda mbele ya kila mtu. Usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Nilianza na rangi ya kawaida ya mafuta, ile nyekundu inayopakwa kwenye veranda. Nilipaka kipande cha tofali, nikakiacha kikauke, nikakiwekea kitambaa kilicholowa dizeli. Kesho yake rangi ilikuwa laini kama uji, ikatoka na kitambaa. Vigae navyo baba alivikataa mwenyewe: aliangusha spana moja kwenye kigae cha jirani, kikapasuka, akakosana na jirani, jambo likaisha. Ikabaki epoksi, niliyoisoma chuoni kama gundi, na ambayo watu waliofika mgodini walisema sakafu za kule zimepakwa hiyo, unaweza kumwaga chai ukaifuta kama juu ya sahani.

Nilienda Kahama kwa sababu ya maneno hayo. Nyuma ya soko kulikuwa na kijana mwenye meno mawili ya dhahabu aliyekuwa akiuza vitu vya migodini: kofia ngumu, buti za mguu mmoja mmoja, mipira ya upepo. Alikuwa na kopo kubwa la rangi ya kijivu, karatasi yake imechanika nusu.

"Dada, hii ndiyo yenyewe. Hii hata Mzungu anaikanyaga kwa heshima."

"Kopo la pili liko wapi?"

"La pili la nini?"

"Epoksi inakuja makopo mawili. Moja rangi, moja kigumisho. Bila kigumisho haikauki."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe umesoma sana, dada. Changanya na thina, acha juani. Mbona mimi nimepaka kitanda changu?"

"Kimekauka?"

"Kinaendelea," alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka kwenye kivuli, "Shemeji bado analala chini!"

Niliondoka nikicheka na mimi, lakini kwenye basi la kurudi kicheko kiliisha. Siku tano zilikuwa zimekwenda.

Mjini kwetu kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, na mzee mwenye duka alikuwa akimjua baba tangu enzi za kiwanda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiendelea kuhesabu misumari kwa viganja.

"Epoksi ipo ya aina mbili," alisema. "Hii unachanganya na maji. Rahisi, haina harufu. Hii ingine nzito, ya mafuta, harufu mbaya, kazi ngumu. Fundi anataka nini?"

"Ipi inastahimili dizeli?"

"Zote zimeandikwa zinastahimili."

"Aliyeandika ni nani?"

Aliacha misumari. "Aliyetengeneza, binti."

"Kwa hiyo anajisifu mwenyewe."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Akamwita mkewe kutoka nyuma ya duka aje amwone mtoto wa fundi asiyeamini kopo. Mama yule alinipa soda, na mzee akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akanipimia vijiko vichache vya kila aina kwenye vikopo vya maziwa, pamoja na vigumisho vyake, akaniambia nikapime nyumbani nikitaka, kisha nirudi na jibu, maana hata yeye hajui.

Nikarudi gereji na nikajaribu. Nilichagua kona ya nyuma, nilipohamisha lundo la matairi ya zamani, kwa sababu sikutaka kumchafulia baba katikati. Kwanza nilipima unyevu: nilitandika kipande cha nailoni sakafuni, nikaziba kingo zake zote kwa selotepu, nikaacha siku nzima na usiku wake. Nyumba yetu imekaa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji, na nilisoma kwamba unyevu ukipanda kutoka chini hubandua rangi yoyote. Nailoni ilikuwa kavu. Sikuamini, nikarudia. Kavu tena. Kisha nikasugua kona kwa asidi iliyozimuliwa, ile mafundi wanayosafishia saruji kwenye vigae. Baba alikuwa amenipa maji ya betri, nikayakataa, nikamweleza kwamba yale yataacha unga mwingine kama wa chaki juu ya saruji. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudisha galoni lake mahali pake. Nadhani alifurahi, ingawa kwa baba mtu hukisia tu.

Asidi ilichemka kwenye saruji kwa povu jeupe, sakafu ikawa inakwaruza kama msasa laini. Nikaosha kwa maji ya magadi, nikakausha, nikapaka miraba miwili, mmoja wa kila aina. Baada ya siku tatu niliimwagia dizeli, nikagonga kwa nyundo, nikakwarua kwa bisibisi. Ile ya maji ilianza kufifia. Ile nzito haikujali. Baba alipiga nyundo yake mwenyewe pale, mara nne, ya nne kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Hiyo."

Mama alipita na beseni la nguo, akatutazama tulivyochuchumaa. "Mkimaliza kuabudu na mimi mniambie," alisema. Hatukumwambia kitu. Ninaliandika jambo hili kwa makusudi: wiki ile nilimhoji kijana wa Kahama, nikamhoji mzee wa duka, nikaihoji karatasi ya kopo neno kwa neno, na mama yangu, aliyeitunza sakafu ile kwa miaka yote, sikumuuliza wala kumweleza lolote.

Siku ya Alhamisi, nikiwa nimeshampelekea mzee wa duka jibu na kununua ile nzito, tuliosha gereji yote kwa asidi na magadi. Ijumaa ilikuwa ya kuacha ikauke, na Jumamosi alfajiri ndiyo tulipanga kupaka, kabla jua halijawa kali. Karatasi ya kopo ilisema mchanganyiko unadumu saa moja. Mimi nilijua saa moja hiyo ni ya nchi za baridi, na kwamba mchana wa Shinyanga ungetupikia rangi ndani ya ndoo. Ijumaa hiyo baba alikuwa anakwenda Mhunze kufunga pampu ya mashine ya kusaga. Nilimfuata, kwa sababu nikibaki nyumbani ningekwenda kuishika sakafu kila baada ya dakika tano. Nikiwa getini nilimgeukia mama.

"Mtu asiingie na viatu mle gereji."

"Nimesikia, ng'wanawane," alisema. Mwanangu. Akiniita kwa Kisukuma hivyo, huwa ananionea huruma.

Njia nzima ya kwenda Mhunze nilimchosha baba. Je, kama pipa la maji ya kuoshea lilikuwa na chumvi? Je, kama vumbi la barabarani litaingia rangi ikiwa mbichi? Je, kama mkaguzi atakuja mapema? Baba aliendesha pikapu ya mteja akitazama mbele, ng'ombe wakivuka, yeye akisubiri wapite wote hadi wa mwisho. "Unajua unavyonitisha?" alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa na hofu moja tu. Sasa ninazo zote za kwako."

Jumamosi alfajiri tulifungua mlango wa gereji na sakafu iliwaka. Ilikuwa nzuri, nyeusi kidogo, laini kwa macho, taa ikijiona ndani yake. Nilihisi harufu hafifu ya mafuta ya taa, lakini baba huoshea vyuma vyake kwa mafuta ya taa na harufu ile haikuwahi kutoka mle. Niliona pia kwamba ule mkwaruzo wa msasa haukuwapo chini ya kiganja changu, nikajieleza kwamba ni kwa sababu mikono yangu ilikuwa na glavu. Glavu zikavuliwa, sikurudia kushika. Nilikuwa na haraka, jua lilikuwa linakuja.

Tukachanganya kidogo kidogo, vipimo vinne vya rangi kwa kimoja cha kigumisho, baba akipaka kwa rola, mimi nikikoroga na kutaja dakika. Tulianzia upande wa mlango wa ndani, tukarudi nyuma hadi nje. Hatukugombana hata mara moja. Jua lilipofika kwenye kizingiti tulikuwa tumesimama uani tukitazama ziwa la kijivu lisilo na alama, na mama akatuletea chai pale pale, akatazama ndani, akasema, "Imependeza." Alisema kwa sauti ya mtu anayejipongeza kidogo. Sikuihoji sauti hiyo.

Jumanne baba aliingiza jeki. Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa. Niliposikia akiniita kwa jina langu zima nilijua kabla sijafika. Magurudumu ya jeki yalikuwa yameacha njia mbili, na kando ya njia rangi ilikuwa imenyanyuka kama ngozi ya maziwa. Baba alishika ncha na kuvuta. Ilitoka kipande kizima, kikubwa kama gazeti, bila ubishi wowote.

Hakupiga kelele. Alikiweka kile kipande juu ya meza ya kazi, kwa uangalifu, akaenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na mashine ya kupimia. "Andika barua kwa yule wa Kahama," alisema. "Mwambie aje kuiona."

Nilikigeuza kipande. Upande wa chini ulikuwa unang'aa na unateleza. Nikakinusa. Kilinuka kama nyumba yetu umeme unapokatika.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimwekea kile kipande mbele yake, juu ya ungo. "Mama. Ijumaa uliingia gereji?"

"Niliingia. Ulisema mtu asiingie na viatu. Sikuvaa viatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga sakafu." Alinieleza kama anavyomweleza mtoto. Aliyeyusha mishumaa minne ndani ya mafuta ya taa, kama afanyavyo sebuleni tukitarajia wageni, akapaka kwa kitambaa akiwa amepiga magoti, kutoka ukutani hadi ukutani, halafu akasugua kwa gunia hadi ikang'aa. Pale penye miraba ya majaribio tu ndipo alipaacha, maana aliona tumeshapaka chetu. "Mliiosha na madawa yenu ikafubaa kama majivu. Mgeni anakuja, kazi ya baba yako inategemea sakafu, mimi niwaache mpake rangi juu ya kitu kilichofubaa? Hata mkeka mpya hautandikwi kwenye uchafu."

Nilifungua mdomo kumweleza habari za nta, za saruji na vitundu vyake ambavyo rangi hushikia. Nikaona magoti yake. Ngozi ilikuwa imechubuka yote mawili, na alikuwa ametembea nayo siku nne mbele yangu.

"Kwani nimeharibu?" aliuliza.

Alinitazama usoni, akajibiwa. "Mayu wane," alisema, mama yangu, akauacha ungo, akaenda gereji mwenyewe. Sikumfuata. Nilisikia sauti zao kwa mbali, ya mama kwanza, kwa muda mrefu, kisha jambo ambalo hadi leo sijui niliweke wapi: baba akicheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka, lakini kicheko.

Rangi iliyobaki haikutosha hata robo ya gereji, na hapakuwa na namna ya kupata nyingine kabla ya Ijumaa. Mzee wa duka alisema kopo jingine litatoka Dar es Salaam, kwa reli, na reli ina mambo yake. Nilizunguka uani na wazo moja, nikilibishia mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kulibishia. Ile miraba ya kona ilikuwa bado imeshika. Kona ile, ukihamisha matairi yote, ilikuwa na nafasi ya meza moja, mashine ya kupimia na mtu mmoja aliyesimama.

"Pampu inafunguliwa mahali padogo kiasi gani?" nilimuuliza baba.

Alifikiri. "Kama hapa na hapa," akapima kwa mikono.

"Basi kwa nini tunapaka gereji nzima?"

Alisema, "Kwa sababu alipitisha leso katikati."

Tulikwarua kona na ukanda unaoizunguka, tukiacha ule mraba wa rangi nzito tu, hadi saruji ikabaki uchi. Mama alikuwa wa tatu wetu. Alishika msasa, akasugua nta yake mwenyewe, na safari hii nilimweleza kila hatua na sababu yake, naye aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Yeye ndiye aliyeuliza tutajuaje kwamba nta imeisha. Nilimwaga tone la maji: kwenye nta likasimama kama shanga, kwenye saruji likanywewa. Mama alimwaga matone kona nzima, moja moja, akihesabu kwa Kisukuma, na kila lililosimama tulirudia kusugua. Tulipaka Jumatano alfajiri. Alhamisi jioni tukaihamishia mashine ya kupimia pale, na baba akasimamisha nguzo mbili za mbao na kuning'iniza nailoni nzito kuzunguka kona, kama chandarua. Sehemu nyingine yote ya gereji ilibaki na vipande vya rangi iliyobanduka, mbaya kuliko alivyoiona mkaguzi mara ya kwanza.

Alikuja Ijumaa saa nne. Alisimama mlangoni, akakigusa kipande kimoja cha rangi kwa ncha ya kiatu. "Mzee," alisema, "nini kimetokea hapa?"

Baba alikuwa amejiandaa kusema kwamba rangi ilikuwa mbovu. Nilijua, maana nilimsikia akijaribu maneno hayo asubuhi akinyoa. Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la chai.

"Ni mimi," alisema. "Niliipiga mshumaa kwa ajili yako."

Mkaguzi aligeuka. Alimtazama, akatazama sakafu, akamwamkia shikamoo, jambo ambalo alikuwa amelisahau mara ya kwanza. Hakucheka wala hakusema la huruma. Aliuliza pampu zitafunguliwa wapi. Baba akainua nailoni. Yule bwana akavua viatu bila kuambiwa, akaingia na soksi, akachuchumaa, akatoa leso.

Mimi nilikuwa natazama ukingo wa rangi, pale ilipokutana na saruji, nikitafuta nywele, ufa, chochote. Leso ilipita. Akaigeuza upande wa pili, ikapita tena, hadi chini ya mashine, ikatoka nyeupe.

"Hii itakaa muda gani?" aliniuliza mimi, kwa kuwa baba alikuwa ameninyooshea kidole.

Kila mtu alinitazama. Nilikuwa na jibu la kumpendeza na lingine. "Sijui," nilisema. "Siku hizi mbili imekaa. Ya majaribio inakaribia wiki mbili, na imepigwa nyundo."

Alikunja leso. Alisema hawezi kuleta pampu za malori yote mahali kama pale. Atatuma moja. Ikifanya kazi, ataona.

Pampu ilifika Jumatatu ndani ya sanduku la mbao, ikiwa imefungwa kwa shuka. Baba aliifungua ndani ya nailoni, nasi tukimwona kama kivuli, na kwa siku mbili hakuna aliyepika chapati kwa kuogopa unga upeperuke. Aliifunga, akaipima, ikachukuliwa. Kisha wiki zikapita bila neno. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa naingia peku na kukwarua ukingo wa rangi kwa ukucha. Barua ya yule wa Kahama nilikuwa nimeshaiandika, iko kwenye bahasha chini ya digrii yangu.

Katika kazi ya pampu, iliyotengenezwa vizuri hairudi. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri kitu kisichotokea, na sijui subira gani ni mbaya kuliko hiyo. Wiki ya sita lori lilisimama nje, dereva akashusha masanduku matatu ya pampu nyingine.

Baba alipokea pampu ya kwanza mikononi mwangu, akaingia nayo ndani ya nailoni. Mama alikuwa upande wa pili wa gereji, kwenye saruji ile iliyokwaruzwa, amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, kitambaa mkononi, kikopo cha nta pembeni. Alikuwa anapiga sakafu yake. Alipofika mahali rangi inapoanzia alisimamisha mkono, akaacha nafasi ya vidole vinne, akanitazama.

"Hapa inatosha?"

Nilichuchumaa, nikamwaga tone la maji kwenye ile nafasi. Likanywewa.

"Rudi nyuma kidogo, mama," nilisema. "Sina hakika."

Akarudi nyuma.